Lita Nne

Kila siku ya tatu, saa kumi alfajiri,
nafika na lori la maziwa kwa Tjeerd Wiarda,
nje kidogo ya Dokkum, kule Frisia,
ambako nchi imelala chali chini ya bahari
na tuta la udongo ndilo linaloyaambia maji: hapa, basi.

Naunganisha bomba. Pampu inakoroma.
Miaka kumi na minne alikuwa akitoka na kikombe cha kahawa,
si changu, chake,
kunisimamia kana kwamba mimi mwizi.
"Sietske, mita yako inakunywa maziwa yangu!"
Inakunywa kwa niaba ya serikali, humjibu.

Oktoba hakutoka.
Nikasema, mafua.
Mara ya pili, mabuti yake mlangoni,
moja limesimama, moja limelala.
Mara ya tatu yako vilevile,
na lile lililosimama limejaa mvua hadi shingoni.
Alikamua kwa kandambili. Nyayo zilisema.

Kiwandani wakanionesha karatasi ya maabara:
chembe nyeupe zimepanda,
kuna kiwele kinachouma na hakuna aliyekigusa.
Tjeerd, aliyewajua ng'ombe wake kwa kikohozi!
Maziwa hayamfichii mtu siri.

Huku kwetu tuna neno moja kwa kila kitu: uchovu.
Kaka yangu Ype alikuwa mchovu.
Alichoka mwaka mzima, tukampelekea supu,
tukamwambia ajikaze,
tukamwambia wenzake wana makubwa zaidi.
Supu nzuri, alisema.
Ndilo neno lake la mwisho nililo nalo.

Basi siku ile niliacha pampu ivute peke yake, kinyume cha sheria,
nikapiga hodi.
Alikuwa jikoni, gizani, na koti mwilini,
mbele ya mkate uliojikunja kwa ukavu.
"Umelala?"
"Naamka saa nane. Kila usiku saa nane. Halafu nasubiri."
"Nini?"
Akaitazama mikono yake kama vyombo vya kuazima.

Nikauliza lile ambalo sikumuuliza Ype,
nikalitoa bila kulivika ushungi:
Tjeerd, unafikiria kufa?
Pampu ikakohoa huko nje.
"Si kufa," akasema. "Kutoamka tu."
Nikasema, hiyo tunaihesabu.

Daktari Bouma hakumpa pole. Alimpa maswali:
usingizi, chakula, raha ilitoroka lini.
Akaandika jina la kitu: sonona.
Njiani, ndani ya lori, Tjeerd akalirudia,
so-no-na,
kama asomaye namba sikioni mwa ng'ombe mgeni.
"Kumbe si uvivu," akasema, karibu na daraja.
Kisha, tumeshavuka: "Mama alikuwa nayo."

Kidonge kimoja asubuhi.
Wiki ya kwanza, mdomo mkavu. Ya pili, patupu.
Ya tatu alitaka kuvitupa mferejini
na muuguzi wa Alhamisi, yule wa baiskeli ya bluu,
akamwambia ngoja, usiviache bila kuniambia,
akampa kazi ndogo, ndogo hadi aibu:
mwaga maji kwenye buti.
Si kulivaa. Kumwaga tu.
Ilimchukua siku mbili.

Vijana wa jirani wakakamua kwa zamu.
Desemba alizama tena, wakambadilishia dozi,
nami sikujua niseme nini, nikasema habari za mtelezo barabarani.

Februari. Barafu mferejini. Naunganisha bomba,
mlango unafunguka.
Mabuti miguuni, yote mawili. Kikombe. Chake.
Akainama kwenye mita, akakodoa macho.
"Elfu sita mia nne na sita," akasema.
"Wewe umeandika na mbili. Mwizi."

Nikasahihisha. Nikatia saini.
Nikaendesha hadi kona ya kanisa,
nikazima injini
na kuzilia zile lita nne,
zote.